Diski Imetoka kwa Mac na Windows Imeikataa? Usibonyeze Format, Msee!

Cheki hii form. Harusi imeisha Pate, mpiga video amerudi Mombasa na kazi yote. Siku zinapita, hard disk inashuka kwa boti pale Mtangawanda, watu wamejaa sebuleni, unaichomeka kwa laptopu ya Windows… ngoma imekataa. Kompyuta inasema lazima ufomati ndio uitumie. Saa zingine diski haionekani kabisa.

Kabla uguse kitu, jua hivi: hiyo diski kuna uwezekano mkubwa iko fiti. Lakini ukikubali kuifomati, unaambia kompyuta itupe ile orodha inayoonyesha kila faili iko wapi na ianze nyingine tupu. Kama mpiga video ashafuta memori kadi zake, hiyo ndiyo kopi pekee ya harusi ya watu. Bonyeza Cancel, toa diski, tulia.

Kwani shida ni nini?

Kila mfumo una namna yake ya kupanga faili. Windows hutumia NTFS, iliyoanza 1993. Mac za kitambo zilitumia HFS+ ya 1998, na tangu 2017 Mac zinatumia APFS. Linux nyingi ziko kwa ext4.

Ni kama lugha za hapa kisiwani. Pate kuna Kipate, Siyu kuna Kisiu, Faza na Kizingitini kuna Kibajuni. Mtu wa Amu akisema "mato" na wa Nairobi aseme "macho", jicho ni lile lile. Video pia ni ile ile. Tofauti ni kuwa watu watasikizana polepole, lakini Windows haijaribu hata kidogo.

Nani anasoma nini?

- Windows: NTFS, FAT32 na exFAT. APFS na HFS+ haisomi bila kusaidiwa.
- Mac: zake zote, pamoja na FAT32 na exFAT. NTFS inasoma lakini haiandiki.
- Linux: ext4, NTFS, FAT32, exFAT, na kawaida HFS+ pia. APFS ndio noma.

Njia za kutoa faili

1. *Tafuta iPhone.* Wengi hawajui hii. Tangu iOS 13 ya 2019, programu ya Files inasoma APFS, HFS+ na exFAT. iPhone 15 kuendelea zina tundu la USB-C, kwa hivyo waya inatosha. Za nyuma zinataka adapta, na hard disk mara nyingi inahitaji moto wa chaja pia. Kama simu ina nafasi, kopi video ndani yake, chomoa diski, chomeka flashi ya exFAT, kisha uibandike huko.

2. *Weka programu kwa Windows.* DiskInternals Linux Reader ni ya bure na inasoma ext4 na HFS+. Kwa APFS kuna MacDrive au Paragon APFS for Windows, lakini hizo ni za kulipia. Pakua kutoka kwa tovuti zao wenyewe, sio link ya grupu ya WhatsApp.

3. *Washa Ubuntu kutoka kwa flashi.* Hii ni ya diski ya Linux. Chagua kuijaribu bila kuiinstall, na Windows yako haitaguswa.

Kama diski imefungwa na paswedi, hakuna njia itafanya bila hiyo paswedi. Pigia mwenyewe.

Nishafomati tayari. Sasa?

Usiweke kitu kingine ndani, hata picha moja. Kama ilikuwa fomati ya haraka kwa hard disk ya kuzunguka, faili nyingi huwa bado ziko mpaka ziandikwe juu. Jaribu PhotoRec, ni ya bure, na uokoe faili kwa diski nyingine, sio hiyo hiyo. Kwa SSD bahati ni ndogo, kwa sababu mara nyingi inasafisha nafasi yenyewe baada ya kufomatiwa.

Usirudi hapa tena

Boti hufuata maji, kwa hivyo kurudisha diski Mombasa sio mchezo wa jioni moja. Uliza mpiga video kabla ajaze diski: iko kwa fomati gani? Mwambie atumie exFAT, ambayo Windows na Mac zote zinasoma na kuandika. FAT32 pia inafunguka karibu kila mahali, lakini haibebi faili moja ya kufika GB 4, na video ya harusi hupita hapo mapema sana.

Kumbuka, kubadilisha diski iwe exFAT pia ni kufomati, kwa hivyo toa kila kitu kwanza. Na usichomoe tu: exFAT huumia haraka ikikatwa ghafla. Bonyeza Eject, ngoja, ndio utoe.