Melodrama Chini ya Kibali: *Black-Eyed Susan* na Jukwaa la Kikoloni la Sydney, 1832–1844

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya melodrama katika maonyesho ya mwanzo ya koloni la Uingereza la New South Wales. Yanadai kwamba udhibiti wa serikali, uliokusudiwa kulinda utulivu, uliruhusu jukwaani matini ambayo maana yake ilibadilika ilipokutana na jamii ya wafungwa.

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa tamthilia, melodrama hutajwa mara nyingi kwa dharau. Husemwa kuwa ina wahusika bapa, mgogoro mwepesi wa wema na uovu, muziki wa kuchochea hisia na suluhisho la ghafla. Hukumu hiyo hutokana na kuisoma matini peke yake. Tamthilia, hata hivyo, hukamilika mbele ya hadhira, na hadhira ya Sydney haikuwa ya kawaida. Sensa ya mwaka 1828 ilihesabu takriban watu 36,600 katika koloni hilo, na zaidi ya 15,700 kati yao walikuwa wafungwa waliohamishwa kutoka Uingereza na Ireland.

2.0 Kibali na Masharti Yake

Uigizaji ulianza mapema. Tarehe 4 Juni 1789 wafungwa waliigiza *The Recruiting Officer* ya George Farquhar, na mwaka 1796 Robert Sidaway, aliyepata kuwa mfungwa, alifungua ukumbi wake. Watawala waliendelea kuutilia shaka mkusanyiko wa aina hiyo. Sheria ya mwaka 1828 ilipiga marufuku maonyesho ya umma yasiyo na leseni, na Gavana Ralph Darling alimnyima leseni mfanyabiashara Barnett Levey. Mrithi wake, Richard Bourke, aliitoa mwaka 1832 kwa sharti kwamba ziigizwe tamthilia zilizokwisha kukubaliwa London.

Sharti hilo lilihamisha udhibiti kutoka koloni hadi makao makuu ya himaya. Lililopita London lilichukuliwa kuwa salama popote. Hapo ndipo penye kiini cha mjadala huu: kibali hupima maneno yaliyoandikwa, lakini hakiwezi kupima masikio yatakayoyapokea.

3.0 Baharia Mbele ya Sheria

Tarehe 26 Desemba 1832, katika ukumbi wa Royal Hotel, Levey alifungua maonyesho yake kwa *Black-Eyed Susan* ya Douglas Jerrold. Melodrama hiyo ilikuwa imevuma London tangu mwaka 1829, kwanza Surrey Theatre kisha Covent Garden. William, baharia, anamkuta mlevi akimshambulia mkewe Susan. Anampiga bila kutambua kuwa ni nahodha wake. Mahakama ya kijeshi inamhukumu kifo. Anaokolewa inapobainika kwamba hati ya kumwachisha kazi ilikwisha kutiwa saini kabla ya pigo.

Kwa mdhibiti, mwisho huu hauna hatari, kwa kuwa sheria haipingwi. William hakuwa tena chini yake. Lakini Sydney ilikuwa mji ambamo karatasi iliamua hatima ya mtu. Hati ya ruhusa ilimtenganisha mfungwa aliyeweza kujitafutia riziki na yule aliyetumikishwa kwa bwana, na msamaha ulimrudishia mtu uhuru. Kile ambacho mhakiki hukiita suluhisho la ghafla kilifanana na mantiki ya maisha ya kila siku. Aidha, mkosaji wa kwanza katika kisa hiki ni mwenye cheo, na anayepandishwa kizimbani ni wa chini yake.

Lugha nayo ina uzito. William hueleza mapenzi, hasira na huzuni kwa sitiari za merini. Rejesta ya kazi, ambayo tamthilia za tabaka la juu ziliitumia kwa kuchekesha, hapa inabeba utu wa mhusika. Katika mji wa bandari, rejesta hiyo haikuhitaji mkalimani.

4.0 Waandishi wa Kolonini

Mwaka 1834, huko Hobart, *The Bushrangers* ya Henry Melville ilileta jukwaani majambazi wa msituni, yaani wahalifu wa koloni lenyewe. Mwaka 1844 Royal Victoria Theatre ya Sydney iliigiza *The Hibernian Father* na *The Currency Lass*, kazi za Edward Geoghegan, mfungwa kutoka Ireland. Wafungwa walikatazwa kushiriki katika jukwaa la umma. Hivyo kazi zikaonekana, mwandishi akafichwa. Tamthilia ya kwanza kati ya hizo inahusu hakimu anayemhukumu mwanawe kifo. Suala la sheria na huruma, lililoingia na Jerrold, liliendelea kwa kalamu ya mtu aliyeishi chini ya hukumu.

5.0 Hitimisho

Melodrama ya kikoloni haikuwa burudani tupu wala silaha ya uasi. Ilikuwa utanzu uliopitishwa na dola kwa sababu ya unyoofu wake wa kimaadili, na uliopendwa kwa sababu hiyohiyo. Mhakiki anayeupima kwa usanifu wa wahusika pekee anarudia kosa la mdhibiti: anasoma karatasi, anaisahau hadhira.