Askari na Fagio

Vita huandikwa mara mbili. Kwanza huandikwa na waliotoa amri, kwa sifa na makumbusho. Kisha, bahati ikiwapo, huandikwa kwa jicho la aliyebeba bunduki. Mcheki Jaroslav Hašek alimchagua huyo wa pili. Riwaya yake ya askari Švejk, aliyoanza kuichapisha mwaka 1921 na kuiacha bila kumalizika alipofariki Januari 1923, inamchora askari wa dola ya Austria na Hungaria anayetii kila amri kwa bidii, hata upumbavu wa amri yenyewe ukaanikwa juani.

Vita hivyo hivyo vilifika kwetu. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga Unguja, ikaizamisha. Bara, mapigano yaliendelea hadi 25 Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi. Askari weusi wa Mjerumani walivishwa sifa ya utiifu. Mshahara wao ukabaki deni.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kulilipa. Wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walileta matambara ya sare. Inasimuliwa kwamba mlipaji alimpa kila mzee fagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride kama mwenye bunduki. Hakuna aliyekosea.

Kisa chachekesha, na tucheke. Kisha tujiulize tumemcheka nani. Miaka 46 ilikuwa imepita, na mwili wa mzee ulikuwa bado haujaisahau amri. Aliyeamuru ndiye aliyesahau kulipa.

Kuna ambaye hakuufikia mwaka huo. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, aliingia vitani angali mtoto, pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin, akaudai mshahara wake na wa baba yake. Akaambiwa amechelewa. Aliomba nishani ya wapiganaji, akanyimwa. Alifundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu za kuutukuza ukoloni ule ule uliomdhulumu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa katika kambi ya Sachsenhausen.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ameyagusa haya katika *Afterlives*, riwaya ya mwaka 2020. Hamza anajiunga na jeshi kwa hiari, akalijutia mapema. Ilyas, aliyewaamini Wajerumani, anaishia Sachsenhausen. Lakini sauti ya Gurnah ni ya huzuni tulivu. Kicheko cha Švejk hakimo.

Kicheko hicho Pemba haikukikosa. Ndicho kisiwa cha Kamange na Sarahani, mabingwa wa kujibizana kwa beti. Ndicho alikozaliwa Said Ahmed Mohamed, ambaye katika *Babu Alipofufuka* alimfufua mzee wa kaburini aje kumsuta mjukuu mwenye madaraka. Chombo tunacho, na kisa tunacho.

Gurnah aliandika kwa Kiingereza. Mzee wa Mwanza aliamriwa kwa Kijerumani. Kiswahili, lugha aliyonung'unikia na wenziwe kambini usiku, bado kinamdai mwandishi wake.