Chapeo ya Jua ya Mjerumani: Jina na Ushahidi Wake

Wajerumani waliiita Tropenhelm, yaani kofia ngumu ya nchi za joto. Ni ile nyeupe au ya kaki, yenye paa la duara na ukingo ulioteremka hadi kisogoni. Katika picha za enzi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani huwa kichwani kwa afisa wa Kizungu, huku askari waliojipanga mbele yake wakiwa na tarbushi zilizofunikwa kwa kitambaa cha kaki. Kwa Kiswahili kuna anayeandika helmeti ya jua, mwingine kofia ya jua, mwingine kofia ya kizungu. Mimi nashikilia chapeo ya jua.

Helmeti siku hizi ni ya bodaboda na ya fundi wa ujenzi. Kazi yake ni kuzuia pigo. Kifaa hiki hakizuii hata rungu. Gamba lake ni gome jepesi, lile lile linalochongwa vizibo vya chupa za mvinyo, au moyo laini wa mmea wa majimaji wa India uitwao sola, kisha likavikwa kitambaa. Ndani, ukanda wa jasho haugusi gamba: huachiwa mwanya ili hewa ipande hadi kwenye kitundu cha utosini. Kofia ya jua nayo ni jina pana mno. Ukili wa mkulima ukisukwa kofia ni kofia ya jua, na jeshi hilohilo la Kijerumani lilikuwa na kofia nyingine ya manyoya yaliyoshindiliwa, pana, iliyokunjwa juu upande wa kulia. Hiyo ndiyo anayoonekana nayo mara nyingi Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa vita vya 1914–1918 katika koloni hili. Asiyetenganisha hizo mbili kwa jina hatazitenganisha kabatini.

Neno chapeo lilikuja pwani na Wareno, na kamusi za zamani zililipa maana ya kofia ya mtindo wa Kizungu. Watafsiri wa Biblia nao walilitumia kwa vazi la kichwa la mpiganaji, katika sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso. Kwa hiyo neno lina Uzungu na uaskari ndani yake tayari. Msomaji wa Biblia atafikiria chuma, najua. Ukiongeza "ya jua" shaka inaondoka.

Na hilo jua si pambo la jina. Madaktari wa Ulaya wa wakati huo waliamini kwamba miale ya tropiki hupenya fuvu na uti wa mgongo wa Mzungu na kumharibu akili. Ndiyo maana ukingo wa nyuma ni mrefu. Askari Mwafrika, aliyetembea jua lilelile na mzigo mzito zaidi, hakupewa. Imani hiyo ya kitabibu ilikuja kutupwa, lakini chapeo zilibaki, na leo zinanunuliwa kwa bei kubwa na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Hapo ndipo jina linapoanza kudai ushahidi. Umbo peke yake linathibitisha chapeo ya jua, basi. Halithibitishi jeshi. Maafisa walijinunulia vifaa vyao katika maduka kama Dingeldey & Werres la Berlin, ambalo liliuza vifaa vya nchi za joto; kwa hiyo lebo ya duka ndani ya bitana inaweza kuwa ya luteni au ya mfanyabiashara wa katani. Kinachosema "jeshi" ni alama ya mbele: kokade (beji ya duara) ya dola, nyeusi nje, nyeupe katikati, nyekundu ndani, au bamba la tai. Mtazame tai huyo kwa makini. Tai wa dola wa mwaka 1889 ana taji lililoelea juu ya kichwa, na kifuani ana ngao yenye tai mwingine mdogo, wa Prussia. Ukikuta rangi nyeusi, nyeupe, nyeusi, hiyo ni kokade ya Prussia, si ya dola.

Kisha ibandue alama hiyo taratibu, ikiwezekana. Kitambaa kilichofunikwa miaka mia moja hakipauki sawa na kilichoachwa wazi, na pini ya zamani huacha kutu kuzunguka tundu lake. Tundu jipya lenye nyuzi safi kwenye kitambaa kikuukuu ni la juzi, hata muuzaji aape vipi.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuchanganya vita viwili. Jeshi la Rommel, jenerali wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili, huko Libya na Misri nalo lilivaa chapeo za jua, lakini hizo ni za miaka ya 1940: rangi ya kijani cha zeituni au kaki, na vingao viwili vya chuma ubavuni, kimoja cha rangi tatu na kingine chenye tai asiye na taji anayeshika swastika. Ukiving'oa vingao na kuchomeka kokade mbele, umepata "chapeo ya Schutztruppe", yaani ya jeshi la makoloni la Kijerumani, ya kuuzia wasiojua. Na zile zinazotoka katika nyumba za zamani za kwetu, uwezekano mkubwa ni za Waingereza, waliotawala Tanganyika hadi 1961. Ya kwao ya aina ya Wolseley ina ukingo mpana kuzunguka pande zote na kitambaa kilichokunjwa mikunjo kama kilemba kiunoni mwake.

Kwa hiyo katika maelezo ya jumba la makumbusho au ya mkusanyaji, andika kwanza "chapeo ya jua". "Ya Kijerumani" iongezwe ukiona lebo au alama. "Ya kijeshi" isubiri kokade au tai aliyekaa mahali pake tangu mwanzo. Jina la koloni liandikwe pale tu panapo hati, picha au jina la mwenyewe ndani ya ukanda wa jasho. Chapeo iliyovaliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1905 hadi 1907 ni kielelezo cha Vita vya Maji Maji; ya Namibia mwaka 1904 ni ya mauaji ya Waherero. Usiziandikie historia hizo bila ushahidi, na ukiwa nao usiufiche kwa sababu mnunuzi anataka kitu kisicho na damu.