Spring PetClinic

Spring PetClinic ni programu ya mfano inayowaonyesha wanaoanza namna ya kutengeneza programu ya wavuti kwa Spring Framework, kiunzi cha lugha ya Java ambacho toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya Apache 2.0, hivyo mtu yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kuubadilisha.

Maudhui

Programu hii inaiga kazi za kliniki ya wanyama. Mtumiaji hutafuta mmiliki kwa jina la ukoo, humwandikisha mnyama, huandika tarehe na sababu ya kuja kliniki, na huona orodha ya madaktari. Data za mfano zina wamiliki 10, wanyama 13 na madaktari 6. Ukurasa mmoja umetengenezwa makusudi ulete hitilafu, ili mwanafunzi aone jinsi kosa linavyoshughulikiwa.

Kurahisisha hatua za kuanza

Awali mwanafunzi alihitaji seva kama Tomcat na mafaili ya usanidi ya XML kabla ya kuona ukurasa wa kwanza. Kosa dogo lilitosha kuizuia programu isiwake, na anayeanza hakujua kama kosa ni lake au ni la mfano.

Spring Boot ilitoka mwaka 2014, na baadaye toleo kuu la PetClinic likajengwa juu yake. Tomcat sasa imo ndani ya programu, na hifadhidata ya H2 hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mwenye Java huandika amri moja, ./mvnw spring-boot:run, kisha hufungua localhost:8080 kwenye kivinjari. Mara ya kwanza intaneti inahitajika, kwa kuwa maktaba hupakuliwa.

Matoleo mengine, kama ya Kotlin na Angular, yamewekwa kando ili toleo kuu libaki dogo.

Mipaka

Urahisi huo una gharama. Data zilizoingizwa katika H2 hupotea programu inapozimwa. Anayetaka zidumu hutumia MySQL au PostgreSQL. Toleo kuu pia haliombi nywila, hivyo yeyote anayelifikia anaweza kubadilisha rekodi. Kwa sababu hiyo linafaa kwa kujifunzia, lakini halifai kutumiwa katika kliniki halisi bila kuongezewa ulinzi.