Mashine za Mirihi na Mzinga wa Mahenge

Usiku wa Jumapili, tarehe 30 Oktoba 1938, wasikilizaji wa redio ya CBS huko Marekani walikuwa wakipigiwa muziki wa dansi. Muziki ukakatwa ghafla kupisha habari za dharura: kuna kitu kimeanguka shambani, kijiji cha Grover's Mill, jimbo la New Jersey. Muziki ukarudi, ukakatwa tena. Mtangazaji aliyepelekwa pale akaanza kusimulia anachokiona. Kifuniko cha chuma kinajifungua, watu wanarudi nyuma, moto unawaka na unasogea upande wake. Katikati ya sentensi sauti yake ikapotea. Kimya. Kilidumu sekunde chache tu, lakini kwa aliyetega sikio redioni ni kitambo kirefu. Baada ya hapo yakaja majitu ya chuma ya miguu mitatu, yakielekea New York.

Ulikuwa mchezo wa kuigiza. Orson Welles aliuongoza akiwa na umri wa miaka 23, na Howard Koch ndiye aliyeuandika kutokana na riwaya ya Mwingereza H. G. Wells, *The War of the Worlds*, hadithi ya wavamizi kutoka sayari ya Mirihi. Magazeti ya kesho yake yalidai nchi nzima ilikimbia ovyo. Wanahistoria wa baadaye wameona magazeti yalitia chumvi nyingi, kwa kuwa redio ilikuwa ikiyanyang'anya matangazo ya biashara. Quito, mji mkuu wa Ekwado, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Februari 1949 kituo cha huko kilirusha mchezo kama huo, na watu walipogundua wamedanganywa walilichoma moto jengo la redio. Wapo waliokufa ndani.

Tangu mchezo wa Welles, redio ya Marekani haikuachana na wageni wa chuma. Januari 1954 kipindi cha Lux Radio Theatre kiliigiza filamu ya *The Day the Earth Stood Still*, yenye roboti aitwaye Gort, mlinzi asiyesema neno na mwenye uwezo wa kuiteketeza dunia. Mashine za Mirihi hazikuwa roboti hasa, maana ndani yake alikaa dereva, kiumbe laini asiyeweza hata kusimama vizuri kwa uzito wa dunia yetu. Hilo la dereva tulishike, kwa sababu ndilo linalotuleta hapa Tanzania, Bonde la Kilombero.

Wells hakuificha asili ya hadithi yake. Katika sura ya kwanza kabisa anamwambia msomaji wa Uingereza asiwe mwepesi wa kuwahukumu watu wa Mirihi kabla hajakumbuka jinsi Wazungu walivyowamaliza wenyeji wa Tasmania. Yaani alichukua vita vya kikoloni akavigeuza: London ikawa kijiji kinachovamiwa, na mwenye silaha isiyozuilika akatoka kwingine. Riwaya ilitoka jaridani kwa vipande mwaka 1897, na kitabu kikachapishwa 1898. Julai ya mwaka huo wa 1898, kaskazini ya bonde letu, Mkwawa wa Uhehe alijipiga risasi ili asikamatwe na Wajerumani, baada ya kuwindwa kwa karibu miaka minne tangu ngome yake ya Kalenga ilipovunjwa kwa mizinga. Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Tarehe hiyo kulingana na ile ya mchezo wa Welles ni sadfa tupu, wala sitaki kuijengea nyumba.

Anayetoka Ifakara leo huvuka daraja la Kilombero, akafika Lupiro, njia zikaachana: moja inapanda mlimani kwenda Mahenge, nyingine inafuata bonde la mpunga kupitia Itete hadi Malinyi. Mwaka 1905 njia hizo mbili zilikuwa pia pande mbili za vita vya Majimaji.

Mahenge palikuwa na boma la Wajerumani chini ya Kapteni von Hassel. Maji ya Kinjikitile wa Ngarambe, dawa ya kuzigeuza risasi kuwa maji, ilikuwa imekwishapita Umatumbi na kuvuka hadi Upogoro ikibebwa na wajumbe walioitwa hongo. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma kwa maelfu, mchana kweupe, wakitembea kwa vikundi katika uwanja wazi. Ndani ya boma mlikuwa na bunduki mbili za rasharasha. Aliyezibuni, Hiram Maxim, alizikamilisha miaka ya 1880, na kila bunduki ilifyatua risasi mamia kwa dakika bila mpigaji kuchoka mkono. Waliokuwa mbele walianguka. Waliokuwa nyuma walizidi kuja, kwa kuwa waliamini anayeanguka amevunja masharti ya dawa. Wachache walifika karibu na ukuta kabisa. Kisha boma likazingirwa kwa wiki kadhaa, mpaka Kapteni Nigmann alipofika kutoka Iringa mwezi Septemba na kuwatawanya.

Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya *Kinjeketile*, iliyochapishwa 1969, alilipa neno la maji uzito wa fikra: imani inayowaunganisha watu na papo hapo inawapeleka kwenye mdomo wa bunduki. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hadithi yetu ya vita na mashine, na inaupita mchezo wa Welles kwa jambo moja. Katika mchezo wa Marekani wanaoshambuliwa hawaelewi chochote, wanakimbia tu. Katika wetu wana nadharia kuhusu mashine, na nadharia ndiyo inayowaua.

Malinyi mambo yalikwenda kivingine. Kiwanga, mtema (yaani chifu) wa Wabena wa bondeni, alikuwa na uhasama wa zamani na Wambunga, na vita vilipozuka alisimama upande wa Wajerumani. Vitabu vya shule hupita hapa haraka, kwani shujaa wa taifa hapatikani. Mimi naona ni kosa kupita haraka. Kwa Kiwanga, adui wa karibu aliyejulikana kwa jina na kwa ng'ombe aliowachukua alikuwa hatari kuliko mgeni mwenye mtambo. Katika riwaya ya Wells wanadamu wote wapo upande mmoja, na hapo ndipo Mwingereza yule, pamoja na akili zake zote, hakuujua ukoloni vizuri. Mashine ya mgeni haikuwahi kutua mahali pasipo na ugomvi wa wenyeji.

Kuna jambo jingine ambalo Wells alilipatia bila kujua. Watu wake wa Mirihi hawali chakula. Huwanyonya wanadamu damu na kuitia moja kwa moja mwilini mwao. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa: ni mumiani, yule ambaye enzi za ukoloni alisemwa kuanzia Mombasa hadi Kampala kwamba hutembea usiku na gari, akitafuta damu ya watu kwa ajili ya dawa za Wazungu.

Tukirudi kwenye mwisho wa riwaya, mashine zinakwama zenyewe. Madereva wamekufa kwa vijidudu vya dunia, ambavyo miili yao haikuwahi kuvizoea. Wells alikuwa amesomea biolojia, na mwaka hadithi ilipokuwa ikitoka jaridani, Ronald Ross huko India alikuwa akimpasua mbu na kukuta kimelea cha malaria tumboni mwake. Robert Koch naye alikuwa kwetu, Dar es Salaam, akichunguza malaria kwa serikali ya Kijerumani. Wavamizi wa kweli walikuwa na kwinini. Vijidudu havikutuokoa. Majimaji ilimalizwa kwa njaa: askari walichoma mashamba na maghala, kwa makusudi, na wengi zaidi walikufa kwa kukosa chakula kuliko kwa risasi. Wajerumani walikadiria wafu 75,000. Mwanahistoria Gwassa aliona walifika 250,000 au zaidi.

Bondeni kwetu vijidudu havikuwa mshirika wa mtu. Utafiti uliofanywa Namawala, karibu na Ifakara, ulikadiria kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 mkazi mmoja aling'atwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka, karibu kila usiku.

Nadhani hii ndiyo sababu redio yetu ilichukua njia nyingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, nayo Redio Tanzania ikaja kuwa na michezo yake, Pwagu na Pwaguzi wakichekesha taifa zima. Lakini tamthilia kubwa kuliko zote haikuitwa tamthilia. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Vikundi vipatavyo 75,000, watu milioni 2 hivi, vilikusanyika kwa majuma 12 kuzizunguka redio za vijijini, zile za betri kubwa ambazo zikianza kuisha huanikwa juani zipate nguvu ya kumalizia kipindi. Adui hakuonekana kwa macho: malaria, kichocho, minyoo, kuhara, kifua kikuu. Kipindi kikiisha, kikundi kilijadiliana, kisha watu wakachukua majembe wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Welles alisemwa kuwatoa watu nyumbani kwa hofu. Redio hii iliwatoa na jembe mkononi, na sioni kwa nini historia ya maigizo ya redio isiihesabu.

Mwandishi wa Kiswahili aliyetaka vyombo vya angani alipatikana baadaye: Katama Mkangi wa Kenya, kwa riwaya ya *Walenisi* ya 1995. Naye hakuleta wavamizi. Mtu wake aliyehukumiwa kufa ndiye anayerushwa angani, akaikuta huko jamii yenye haki kuliko ya kwao.

Nako bondeni vita na vijidudu havijaisha. Ifakara, maabara ndogo ya Waswisi iliyoanzishwa 1957 na Profesa Rudolf Geigy wa Basel imekua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Katika kijiji cha Kining'ina wamejenga vizimba vikubwa vya wavu, na ndani yake nyumba, mimea na mazalia ya maji, ambamo mbu hufugwa kwa maelfu ili wasomwe tabia zao. Mbu aina ya funestus ndiye anayewashughulisha zaidi sasa; sehemu kubwa ya maambukizi bondeni ni yake, na dawa zinazotiwa kwenye vyandarua amekwisha kuzizoea.