Gari Ni Lile Lile?

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka kama yalivyotoka, nyumbani wakaona nisikae bure. Nikapelekwa kwa mjomba, fundi wa kunyoosha bodi pale Gerezani, Dar es Salaam. Nilikuwa msaidizi wa msaidizi, na kazi yangu kubwa ilikuwa msasa. Siku moja mzee mmoja akaleta Datsun 120Y ya zamani, akasema anataka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Mjomba akanipa msasa na ndoo ya maji, akaniambia nikwangue mpaka bati lionekane. Nikakwangua siku tatu. Chini ya rangi ya juu nikakuta rangi nyingine, na ubavuni mstari wa teksi. Nikaukwangua nao.

Mzee alipokuja kutazama kazi, alipitisha kiganja mlangoni, akauliza, "Na ule mstari?"

Kumbe gari lile lilikuwa teksi yake kwa miaka mingi, na watoto wake wote walisomeshwa na ule mstari. Mjomba akamjibu kwa heshima, "Shikamoo tena mzee wangu. Si ulisema kama lilivyotoka kiwandani? Kiwandani halikutoka na mstari." Mzee hakubisha. Gari lilipokwisha alilipa, akaondoka nalo linameremeta.

Ndugu msomaji, kwenye kunyoosha bodi sikufika mbali. Siku hizi nashinda na madaftari, naandika riwaya ambayo haijaisha. Lakini swali la yule mzee likakataa kunitoka. Mtu akisema gari lirudishwe katika asili yake, ni asili ya siku ipi? Nikaanza kulifuatilia vitabuni, nikakuta kumbe watu na mawakili wao wamewahi kulipeleka mahakamani London, na gari lililogombewa lilikuwa la pauni milioni 10.

Gari lenyewe ni Bentley Speed Six, maarufu kwa jina la Old Number One, yaani Namba Moja wa Zamani. Mwaka 1929 lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans huko Ufaransa, likiendeshwa kwa zamu na Woolf Barnato na Tim Birkin. Mwaka 1930 likashinda tena, safari hii Barnato akiwa na Glen Kidston. Huyu Barnato hakuwa dereva tu. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya Bentley na ndiye aliyekuwa akiitia fedha, na fedha hizo alizirithi kwa baba yake, aliyetajirika kwenye almasi za Kimberley, Afrika Kusini. Kwa hiyo hata kikombe cha Wazungu kule Le Mans, ukikifuata mpaka mwisho, unatokea kwenye shimo la Afrika. Hayo tuyaache, nitayarudia siku nyingine.

Sasa, gari la mashindano si kabati la vyombo kwamba likae vile vile. Likitoka uwanjani linafunguliwa. Springi zilizochoka zinatolewa, breki zinabadilishwa, na injini ya mwaka jana mwaka huu inaonekana ndogo. Mwaka 1932 Old Number One liliandaliwa kwa mbio za maili 500 huko Brooklands, Uingereza, likawekewa injini ya lita 8 badala ile ya lita 6 na nusu iliyolipa sifa. Brooklands ulikuwa uwanja wa duara wenye kona zilizoinuliwa kama ukuta. Mnamo Septemba 1932, Clive Dunfee akiwa kwenye usukani, gari lilipanda juu ya ukuta huo, likapitiliza, likaangukia ng'ambo. Dunfee alikufa.

Mabaki hayakutupwa. Gari lilijengwa upya, likavikwa bodi ya aina nyingine kabisa, likawa gari la kutembelea barabarani kama magari mengine. Miaka mingi baadaye likamfikia Edward Hubbard, na likarudishiwa sura yake ya mashindano. Mwaka 1990 Hubbard akakubaliana na kampuni ya Middlebridge Scimitar kuliuza kwa thamani ya pauni milioni 10. Kisha mnunuzi akagoma. Akasema, hili silo. Nililoahidiwa ni gari lililoshinda Le Mans, na hili ni vipande vya magari mbalimbali vilivyounganishwa. Wakaenda mahakamani.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu. Mtaalamu aliyelichunguza gari alitoa ushahidi kwamba la mwaka 1929 karibu hakijabaki kitu, labda vifaa vidogo vidogo visivyoweza kujulikana ni vya lini. Na la mwaka 1930? Akataja mhimili wa pedali, kasha la giaboksi na nguzo ya usukani. Bwana, vitu vitatu! Ukivitia kwenye gunia, kijana mmoja mwenye mkokoteni pale Kariakoo anavipeleka anapotaka. Chesisi na injini vilikuwa vya enzi ya 1932, enzi ya ajali.

Kama ungekuwa wewe hakimu ungesemaje? Mimi, kwa haraka zangu, ningemrudishia mnunuzi hela yake. Jaji Otton hakufanya hivyo. Katika hukumu yake ya Julai 1990 alikubali kwamba gari hilo haliwezi kuitwa asilia, maana gari lililotoka karakana ya Bentley mwaka 1929 na sehemu zake zote halipo tena duniani. Lakini pia alikataa kuliita gari la kuigiza au la kufufuliwa. Alisema ni halisi. Hoja yake, kwa jinsi nilivyoielewa, ni kwamba sehemu mpya ziliingia moja baada ya nyingine wakati gari liko kazini, na hakuna siku hata moja ambayo gari lilipotea halafu likaanza jingine. Wala hakuna Bentley nyingine popote iliyoweza kusimama na kudai jina hilo. Mnunuzi akashindwa.

Watu wa pwani nadhani hili haliwasumbui sana. Jahazi linapandishwa ufukweni, ubao uliooza unatolewa, mpya unapigiliwa, kalafati inatiwa, linarudi majini na jina lake. Baada ya miaka 30 hujui ubao upi ni wa kwanza, na nahodha ukimwambia hili silo jahazi la baba yako atakucheka. Plutarch, mwandishi wa zamani wa Wagiriki, alieleza habari hiyo hiyo ya merikebu ya Theseus ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kubadilisha mbao, mpaka wanafalsafa wakawa wanabishana kama ni ile ile au siyo.

Ila serikali zetu zina jibu lao, nalo liko kwenye kadi ya gari. Namba ya chesisi, namba ya injini. Ukibadilisha injini, ukaripoti, kadi ibadilishwe. Na wakusanyaji wa magari ya kale huko Ulaya na Marekani nao wanafikiri hivyo hivyo. Gari ambalo namba ya injini yake ndiyo ile ile iliyoandikwa kiwandani huuzwa ghali kuliko lililobadilishwa injini, hata kama kwa macho ni pacha. Kwa hesabu ya kadi, Old Number One lilikufa zamani. Kwa hesabu ya jaji liko hai. Mimi nasimama na jaji, lakini kuna jambo moja linanitatiza. Mabadiliko anayoyatetea ni ya gari likiwa kazini, fundi akibadilisha kwa sababu kesho kuna mbio. Aliyelirudisha baadaye katika sura ya mashindano hakuwa na mbio kesho. Huyo alichagua siku moja katika maisha ya gari, akalivalisha nguo za siku hiyo. Na ukichagua siku moja, nyingine unazikwangua. Mimi najua, nimeshika msasa.

Tuje kwetu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari, na kuanzia mwaka 1974 yakabaki Kenya peke yake na kuitwa Safari Rally. Wazee wetu wanayakumbuka kwa Pasaka na vumbi. Walikuwa wanakaa kando ya barabara usiku kucha, na ukiwauliza mshindi alikuwa nani wanakutajia gari kwanza, dereva baadaye.

Gari moja wanalolitaja sana ni Datsun 240Z. Ni gari la michezo hasa: boneti refu, paa fupi linaloteremkia nyuma, milango miwili, injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Lilianza kuuzwa mwisho wa mwaka 1969, na nyumbani kwake Japani lilijulikana kama Fairlady Z. Lilitengenezwa kwa ajili ya vijana wa Marekani na barabara zao za lami. Halafu likaletwa kwenye tope letu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na Hans Schüller, wakashinda Safari na gari hilo, na la pili likawa 240Z jingine la Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akashinda akiwa na Lofty Drews, tena kwa tabu, maana alilingana adhabu na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, ikabidi kanuni iamue. Mehta alikuja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Gari la Herrmann lilirudi Japani na kutunzwa na Nissan. Mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo, wenye kikundi chao cha kufufua magari ya kale walichokianzisha mwaka 2006, walilishughulikia mpaka likatembea tena baada ya miaka 42. Nimeona picha zake, jekundu, boneti jeusi lisilong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni. Moyo wangu ulifurahi, sikatai.

Lakini fikiria kazi ya mafundi wale. Kiwandani 240Z halikutoka na taa kubwa za ziada mbele, wala vyuma vya kumkinga dereva likipinduka. Ukilirudisha kama lilivyotoka kiwandani, umefuta Safari yote, umebaki na gari kama maelfu ya mengine. Basi lirudishwe kama lilivyokuwa asubuhi ya kuondoka, safi, na namba mlangoni? Hapo bado halijashinda chochote. Lirudishwe kama lilivyofika? Hilo ndilo gari la ushindi, lakini ni gari lililopondeka na kuchoka, limejaa tope la barabara ambazo nyingine siku hizi zina lami. Nani atapaka tope kwa brashi Japani? Hata akipaka, litakuwa tope la Japani.

Wako walioamua kutogusa kabisa. Bugatti moja ya mwaka 1925, aina ya Brescia, ilikaa chini ya Ziwa Maggiore, upande wa Uswisi, kwa zaidi ya miaka 70. Inasemekana mwenyewe hakulipa ushuru wa forodha, maofisa wakaitosa ziwani. (Walioagiza gari kupitia bandari yoyote wataielewa hadithi hii bila kufafanuliwa.) Iliopolewa Julai 2009, na Januari 2010 ikauzwa mnadani Paris kwa zaidi ya euro 260,000. Ilikuwa kutu tupu, upande mmoja umeliwa na maji. Aliyeinunua, Peter Mullin wa California, alikuwa na fedha za kuifanya iwe mpya. Akaiweka kwenye jumba lake la makumbusho vile vile na kutu yake.

Mimi sidhani kila gari liachwe na kutu. Yule mzee wa Gerezani alitaka gari la kupanda, si la kutazama. Ninachokubaliana nacho zaidi ni waraka uliopitishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, unaoitwa Mkataba wa Turin. Unataka anayerudisha gari la zamani aheshimu pia mabadiliko yaliyolipata katika maisha yake, asikimbilie kulirudisha siku ya kwanza. Unataka sehemu mpya zitiwe alama zijulikane kuwa ni mpya. Na unataka kila hatua ya kazi iandikwe na kuwekewa kumbukumbu.

Nilimuuliza mjomba majuzi kama alipiga picha ile Datsun kabla sijaanza msasa. Akasema, "Picha ya nini? Mteja alikuwa na haraka." Kwa hiyo kumbukumbu iliyopo ni hii yangu. Mstari ulikuwa wa kijani, upana wa vidole vinne, umepakwa kwa mkono maana ukingo wa chini ulikuwa unayumba. Kwenye mlango wa nyuma, upande wa kushoto, karibu na kitasa, ulikuwa umefutika kabisa kwa mikono ya abiria.