Hita ya propani
Hita ya propani ni kifaa kinachochoma gesi ya propani ili kupasha joto chumba. Huko Kanada na Marekani hutumika pia ndani ya karavani wakati wa majira ya baridi. Propani hufaa kuliko butani, kwa kuwa huchemka kwenye -42 °C, ilhali butani hubaki kiowevu chini ya 0 °C.

Katika kuichagua, bomba la moshi ni muhimu kuliko nguvu. Hita isiyo na bomba hutumia oksijeni ya chumbani, na kila kilogramu 1 ya propani hutoa takriban kilogramu 1.6 za mvuke wa maji unaolowesha kuta. Hatari zaidi ni monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu usingizini sawa na jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Kwa wanaolala humo, inafaa ile inayovuta hewa na kutoa moshi nje, pamoja na kengele ya kutambua gesi hiyo.